Ajali Haina Kinga, Lakini Ina Wenyewe

Muhula uliopita darasani kwetu tulisoma tamthilia ya Sophocles kuhusu Mfalme Oedipus. Siku ya kwanza darasa zima lilisimama upande wa mfalme. "Masikini ya Mungu, kosa lake nini?" aliuliza mwenzetu mmoja anayekaa mbele. "Imeshatabiriwa kwamba atamuua baba yake. Alipopata habari akakimbia ili asimuue, na huko alikokimbilia ndiko alikokutana naye. Si kudra hiyo?" Wengi tuliitikia. Mie nilikuwa wa mwanzo.

Mwalimu hakubisha. Alifunga kitabu, akauliza: "Na wale wa Spice Islander je? Nao tuwaandikie kudra, tufunge faili?"

Hakuna aliyejibu. Nusu ya darasa letu ni watoto wa Pemba, na hakuna mtoto wa Pemba wa umri wetu asiyeijua meli hiyo. Mie nilikuwa na miaka minane, nasoma skuli ya msingi Wete. Asubuhi ya Jumamosi ile, tarehe 10 Septemba 2011, mama alinikataza kutoka nje. Redio ilikuwa wazi tangu alfajiri, na watu walikuwa wakipita mbio kwenda bandarini, kana kwamba wakisimama pale meli itatokea. Haikutokea. Mtaani kwetu nyumba mbili zilisoma hitma bila ya maiti.

Kwa aliyesahau, MV Spice Islander I iliondoka Unguja usiku wa Ijumaa kuja Pemba. Ilikuwa siku chache baada ya Idi. Meli yenyewe ilikuwa na ruhusa ya kuchukua abiria mia sita na kidogo. Tume ya uchunguzi ilikuja kusema kwamba waliokuwamo walizidi 2,400, mbali na shehena. Ilizama usiku wa manane katika mkondo wa Nungwi. Maiti zilizopatikana zilikuwa 203, na waliopotea moja kwa moja walizidi elfu moja. Walionusurika, wengine walikuwa wameng'ang'ania magodoro mpaka wavuvi walipowafikia.

Jambo moja nilikuwa silijui mpaka nilipoanza kuandika makala haya: meli ile iliundwa Ugiriki, mwaka 1967. Jina lake la kwanza lilikuwa Marianna, na ilifanya kazi huko miaka mingi kabla ya kuletwa kwetu na kupewa jina la viungo vyetu. Sitafuti maajabu katika hilo. Lakini kama meli yao ilitufikia, basi na maswali yao tuyapokee, maana Wagiriki wa kale walikaa miaka mingi mbele ya jukwaa wakiuliza jambo ambalo sisi tunaliogopa: mtu akifa kwa mkono wa mtu, na Mungu amekwisha kuandika, ni nani wa kujibu?

Tuanze na hilo la kudra. Washairi wao walijua kwamba muuaji anaweza kujificha nyuma yake. Aeschylus, katika tamthilia zake tatu zilizoonyeshwa Athens mwaka 458 KK, anasimulia habari za Agamemnon, aliyemtoa kafara binti yake ili apate upepo wa kupeleka majeshi vitani. Aliporudi, mkewe Clytemnestra akamuua kwa ajili ya mtoto wake. Mwanzo mwanamke anajigamba kwamba ni yeye, wala hajuti. Wazee wa mji walipombana akageuza kauli: si yeye, ni pepo wa kisasi wa ukoo ule aliyejivika sura yake. Wazee hawakusema pepo huyo hayupo. Walisema huenda alisaidia, lakini ni nani atakayesimama kumshuhudia mwanamke yule kwamba hana hatia? Kwa maneno mengine, pepo anaweza kuwa mshirika, hawezi kuwa mbadala.

Na Oedipus? Mji wake wa Thebes umeingiwa na maradhi, na dawa yake ni kumtoa mtu aliyemuua mfalme wa zamani, Laius. Oedipus anaapa kumsaka. Anamlaani hadharani, anahoji huyu, anamtisha yule, mpaka ushahidi wote unamrudia yeye. Yule mzee aliyemuua zamani njia panda, kwa ugomvi wa kupishana njiani, ndiye Laius, na Laius ndiye baba yake. Kikulacho ki nguoni mwako. Hapo anajitoboa macho. Anapoulizwa ni nani aliyemsukuma kufanya vile, anajibu kwamba masaibu yake yametoka kwa mungu Apollo, lakini mkono uliopiga ulikuwa wake mwenyewe. Hakuitumia sentensi ya kwanza kuifuta ya pili.

Tulipoisoma mara ya pili darasani tuliona jambo jingine. Utabiri ulisema atamuua baba yake. Lakini utabiri haukumwambia apandwe na hasira siku ile. Mtu aliyeambiwa maneno mazito kama hayo, na ambaye alikwisha kutiliwa shaka kama wazazi waliomlea ndio waliomzaa, alipaswa kuogopa kumpiga mzee yeyote yule. Onyo alikuwa nalo. Alilichukua akakimbia nalo, halafu akalisahau njia panda.

Na sisi tulikuwa na maonyo. MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria mwaka 1996, nayo ilikuwa imejaa kupita kiasi. MV Fatih ilizama mwaka 2009, tena palepale bandarini Malindi, mbele ya macho ya mji. Watu wa visiwa, wenye habari zote hizo, tulipaswa kuogopa chombo chochote kilichojaa. Hatukuogopa.

Najua hapa kuna mtu ameshaanza kukunja uso: huyu kijana anataka kutuvunjia imani ya kadari. La hasha. Kuamini kadari, heri yake na shari yake, ni nguzo ya imani, na mie si wa kuigusa. Nauliza tu wapi tumefundishwa kwamba nguzo hiyo inamwondolea mtu dhamana. Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari kwamba huko kuna tauni, alirudi na watu wake. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alijibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kuielekea kadari ya Mungu. Halafu tuitazame Sura ya Nisaa, aya ya 92. Inamzungumza aliyemuua muumini kwa kukosea, bila kukusudia. Haisemi aende zake kwa kuwa imeandikwa. Kuna kumwacha huru mtumwa, kuna diya ya kuwapa wenyewe waliofiwa isipokuwa wakisamehe, na asiyeweza kupata mtumwa wa kumwacha huru hufunga miezi miwili mfululizo. Hakukusudia, na bado ana kitu cha kubeba.

Athens nako, sheria ya zamani ya Draco ilimtenga aliyeua kwa kukusudia na aliyeua bila kukusudia. Huyu wa pili hakuuawa, lakini alitakiwa aihame nchi mpaka jamaa za marehemu wamsamehe. Watu wa dini mbili na bahari mbili, hawakujuana, na wote waliona kwamba kati ya "muuaji" na "hana neno" kuna nafasi kubwa, na ndani yake wamo watu wengi.

Hata neno letu linasema hivyo. "Hatia" limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kukosa shabaha. Aristotle, alipotaka kueleza kinachomwangusha shujaa wa tanzia, alitumia neno hamartia, nalo kwa Kigiriki linatokana na kitenzi cha kukosa shabaha. Picha ni moja: mtu ametupa mkuki, umekwenda pasipo.

Na hapo kuna kisa cha kweli cha mkuki. Plutarch anasimulia kwamba katika michezo mtu mmoja aliuawa na mkuki uliorushwa bila ya kumkusudia. Pericles, kiongozi wa Athens, alikaa siku nzima na mwanafalsafa Protagoras wakijadili mwenye lawama ni nani: mkuki wenyewe, aliyeurusha, au waliosimamia michezo? Mtoto wa Pericles alikuwa akikisimulia kisa hiki kwa kumcheka baba yake. Mie sikucheka. Mjini kwao kulikuwa na mahakama, Prytaneion, iliyohukumu hata vitu. Jiwe, chuma au gogo likimuua mtu, lilishitakiwa, likahukumiwa na kutupwa nje ya mipaka.

Sasa sikilizeni mazungumzo ya barazani kwetu kuhusu meli ile. Meli ilikuwa kuukuu. Meli ilikuwa mbovu. Bahari ilichafuka, mkondo ule una nguvu. Yaani miaka yote hii tumekaa katika mahakama ya vitu. Mkuki umeshahukumiwa, umetupwa, uko chini ya bahari ya Nungwi. Aliyeurusha na aliyesimamia michezo ndio tunaowataja kwa sauti ya chini, halafu mtu mzima mmoja anapiga funda la kahawa na kusema ajali haina kinga, na mazungumzo yanaishia hapo. Tume haikusema kudra. Ilisema uzembe, na baadhi ya watu walifikishwa mahakamani. Ni sisi wa barazani tuliokuwa wepesi wa kusamehe vifo visivyokuwa vyetu kusamehe.

Haya yote niliyaandika kwenye insha ya mwisho wa muhula, tena kwa moto kweli kweli. Niliwataja wote: aliyeuza tiketi ya ziada akijua ni ya ziada, aliyepakia mzigo juu ya mzigo, aliyekuwa na kazi ya kuhesabu vichwa asihesabu, aliyekuwa na uwezo wa kuizuia meli isiondoke asiizuie. Nilijiona nimeandika. Mwalimu alinirudishia insha na alama nzuri, na chini yake sentensi moja kwa wino mwekundu: "Wewe Idi iliyopita ulikwendaje Pemba?"

Wallahi nilikaa nikaitazama karatasi ile muda mrefu.

Idi iliyopita nilichelewa kukata tiketi. Nilipofika niliambiwa zimekwisha. Nikampata jamaa mmoja, nikaongeza shilingi elfu tano juu ya nauli, akanipenyeza. Chombo na jina la jamaa nayahifadhi, maana hapa ninayemshitaki si yeye. Nilikaa chini, nimeegemea gunia la mchele, na pembeni yangu mama mmoja amempakata mtoto na mwingine amelala miguuni pake. Nakumbuka niliwaza kwamba tumejaa. Nakumbuka pia kwamba wazo lililofuata halikuwa la kushuka, bali la kushukuru: alhamdulillahi, nimepata. Tulifika salama, nikala Idi na mama, nikasahau. Kama tusingefika, watu wangesema kudra, na elfu tano yangu ingezama pamoja nami bila ya mtu kuijua.

Kwa hiyo mie ni nani katika kesi hii? Muuaji, hapana. Hakuna aliyekufa. Lakini kitendo changu na cha yule aliyepanda zaidi ya idadi mwaka 2011 ni kitendo kimoja, tofauti yake ni hali ya bahari usiku ule. Nilikuwa namsaka mtu mjini, na nilipomkaribia nikamkuta amevaa shati langu.

Mtu atanambia, na dada yangu ameshanambia: "Unawalaumu maskini. Abiria angefanya nini? Idi ni kesho, chombo ni hicho, mzazi anamngoja." Hoja hii ni nzito na siipuuzi. Sophocles mwenyewe hakuipuuza. Uzeeni aliandika tamthilia nyingine, iliyoonyeshwa baada ya kufa kwake, mwaka 401 KK, na ndani yake Oedipus, sasa mzee kipofu, anajitetea kwa ukali: hakujua, alishambuliwa yeye kwanza, mbele ya sheria yu safi. Na ana haki. Mwandishi yuleyule aliyemwonyesha akijitoboa macho alimwonyesha pia akisema imetosha.

Kwa hiyo sitaki tujitoboe macho. Abiria aliyekufa usiku ule ni mwenye kudhulumiwa, na anayemwekea mama yule na watoto wake wawili hatia sawa na mtu aliyekuwa na kalamu ya kuizuia meli, huyo hajui kupima. Dhamana hupimwa kwa uwezo. Mwenye chombo ana yake, nahodha ana yake, mkaguzi ana yake, Serikali ina yake, na hizo ni kubwa. Ya abiria ni ndogo. Ila ndogo si sawa na hakuna. Na mie nina wasiwasi kwamba hao wakubwa wanapata nafuu kwa sababu sisi wadogo tumekataa kuishika hata chembe yetu. Anayejua kwamba na yeye aliongeza elfu tano hawezi kupaza sauti kumuuliza mkubwa. Kila mtu ana kitu mfukoni, basi wote tunanyamaza.

Katika tamthilia ya mwisho ya Aeschylus, Orestes anashitakiwa kwa kumuua mama yake. Alimuua kwa amri ya Apollo. Mashetani wa kisasi wanamwandama mpaka Athens, na mungu wa kike Athena anaunda baraza la raia kuamua. Kura zinalingana, na Orestes anaachiwa. Wengi huikumbuka kesi hiyo kwa zile kura. Mie nimeikumbuka kwa jambo lililotangulia: Apollo alikuja mahakamani. Aliyetoa amri alisimama mbele ya watu wa kawaida akakiri kwamba amri ilikuwa yake na kuua kule anakubeba yeye.

Kwetu jambo hilo ni adimu, lakini limewahi kutokea kitu kinachokaribiana nalo. Tarehe 18 Julai 2012, miezi kumi tu baada ya Spice Islander, MV Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Siku chache baadaye Waziri wa Miundombinu na Mawasiliano wa Zanzibar, Hamad Masoud Hamad, alijiuzulu. Hakuwa nahodha, hakuwa mwenye meli, wala yeye hakuuza tiketi. Mtu anaweza kubishana kama ilitosha. Lakini alionyesha kwamba mtu anaweza kuwa hakuzamisha kwa mkono wake na bado akasema: hili lilikuwa chini yangu.

Sasa sisi wa chuoni tufanye nini? Nina mawili, wala si makubwa.

La kwanza ni la jumuiya yetu ya wanafunzi. Kila Idi na kila likizo mamia yetu tunavuka kwenda Pemba katika siku mbili au tatu zilezile. Jumuiya inajua ratiba ya mitihani miezi kabla. Ikusanye majina mapema, izungumze na wenye vyombo, wengine tutangulie na wengine wafuate, na orodha ya majina ibaki mkononi mwetu. Msiidharau orodha. Usiku ule wa 2011 idadi ya kweli ya abiria haikuwa kwenye karatasi yoyote, na ikabidi tume ije kuitafuta baadaye. Mtu ambaye hakuandikwa alipopanda ni rahisi kumsahau anapozama.

La pili ni la kila mmoja wetu, nalo ni gumu zaidi: tiketi zikiisha, zimeisha. Asiongeze elfu tano. Na akiwa ameshapanda akaona watu wamezidi, aseme kwa sauti, ashuke, na awaombe wenzake washuke. Kumi wakishuka na simu zao mkononi, wanapiga picha, mkaguzi ambaye alikuwa hakuhesabu ataanza kuhesabu.

Safari hii tiketi yangu nimeshaikata mapema. Lakini nimempigia mama kumwambia kwamba chombo kikizidi watu sitapanda, hata kama Idi itanikuta Unguja. Nilitarajia alalamike. Alinyamaza kidogo, nikajua anaikumbuka Jumamosi ile na redio yake. Kisha akasema: "Njoo hata Mfunguo Pili, mwanangu. Idi yangu ni kukuona."